Watawala wa Uajemi na Ghuba walidanganywa katika mikataba ya kwanza ya mafuta, au walijua walichokuwa wakiuza?

Mdadisi wa Nyaraka aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale walioisoma historia ya mafuta kwa undani kuliko mimi. Kila ninapokutana na habari za mikataba ya mwanzo ya mafuta katika Uajemi (Iran ya leo), Kuwait, Bahrain, Iraq na Saudi Arabia, masimulizi huwa ni yale yale: Mzungu anafika na mkoba wake, mtawala asiyejua thamani ya kilichomo ardhini mwake anapewa sarafu kidogo, anapiga muhuri, na nchi yake inafungwa kwa miaka sitini au sabini na mitano. Mfano unaotajwa zaidi ni wa tarehe 28 Mei 1901, siku ambayo Shah Mozaffar al-Din alimpa tajiri wa Kiingereza William Knox D'Arcy haki ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa miaka 60, katika eneo la takriban kilomita za mraba milioni 1.2, kwa pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni nyingine 20,000, na asilimia 16 ya faida halisi ya kila mwaka.

Kinachonitatiza ni kwamba watu hawa wanaoelezwa kuwa hawakujua lolote walikuwa mabingwa wa siasa. Mawaziri wa Shah walikuwa wameishi miaka mingi kati ya Urusi na Uingereza bila kumezwa na yeyote kati yao. Mubarak wa Kuwait aliwacheza Waingereza na Waturuki kwa zamu. Ibn Saud, mwanzilishi wa Saudi Arabia, alijijengea dola kutoka katika ukimbizi. Iweje watu wa namna hiyo wawe wepesi wa kudanganywa pale tu mafuta yanapotajwa? Ningependa pia kuelewa nafasi ya serikali ya Uingereza katika mazungumzo hayo: je, kampuni ndizo zilizokuwa zikizungumza na serikali ikatazama tu, au mambo yalikuwa kinyume? Na kwa nini Saudi Arabia, tofauti na sehemu kubwa ya eneo lile, iliishia mikononi mwa Wamarekani watupu?

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu Mdadisi, nitaishughulikia Uajemi tu, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu vizuri, na wengine watakamilisha.

Kwanza tuiweke bei ya mwaka 1901 mahali pake. Wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mafuta yapo kwa kiasi cha kufaa biashara. D'Arcy mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga Uajemi na alimtuma Alfred Marriott kumzungumzia Tehran, nusura afilisike kwa gharama za kuchimba; mwaka 1905 ilibidi aokolewe na kampuni ya Burmah Oil, baada ya Idara ya Jeshi la Majini ya Uingereza kuhangaika kumtafutia mfadhili ili haki ile isije ikauzwa kwa wageni. Mafuta yalifumka Masjed Soleyman tarehe 26 Mei 1908, miaka saba baada ya kutia saini. Kwa hiyo anayesema kwamba Shah aliuza utajiri mkubwa kwa pauni 20,000 anaipima bei ya mwaka 1901 kwa mizani ya mwaka 1950. Shah aliuza bahati nasibu, na alikuwa na shida kubwa ya fedha: mwaka mmoja kabla alikuwa amekopa rubli milioni 22.5 kutoka Urusi.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa baraza lile kuona mkataba wa aina hiyo. Mwaka 1872 Baron de Reuter alipewa karibu kila kitu, reli, migodi, misitu, na mwaka uliofuata mkataba ukafutwa kwa sababu ya hasira ya watu wa ndani na shinikizo la Urusi. Mwaka 1890 Mwingereza mwingine alipewa tumbaku yote ya nchi. Wanazuoni na wafanyabiashara wakasimama pamoja, watu wakaacha kuvuta, na mwaka 1892 serikali ikalazimika kuufuta na kulipa fidia ya pauni 500,000 ambazo haikuwa nazo. Mawaziri waliokaa na Marriott walizikumbuka habari hizo vizuri kuliko Marriott mwenyewe.

Kilichozungumzwa kwa uzito mwaka 1901, kwa maoni yangu, kilikuwa Urusi zaidi kuliko mafuta. Itazameni ramani ya mkataba: mikoa mitano ya kaskazini, yaani Azabajani, Gilan, Mazandaran, Astarabad na Khorasan, imeachwa nje. Haikuachwa kwa sababu za kijiolojia, maana dalili za mafuta karibu na Bahari ya Kaspi zilikuwa nyingi. Iliachwa ili Mrusi asipate sababu ya kulalamika. Balozi wa Uingereza, Arthur Hardinge, alisimulia baadaye jinsi Waziri Mkuu alivyopeleka barua ya kuuarifu ubalozi wa Urusi, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wa mkato wa Kiajemi unaowashinda wasiouzoea, wakati ambapo mtu pekee wa ubalozi huo aliyeweza kuusoma alikuwa safarini. Barua ilikaa mezani, na ilipokuja kusomwa muhuri ulikuwa umeshapigwa. Kisa hicho tumekipata kwa Hardinge, nacho kinampendeza Hardinge, kwa hiyo kila mtu akipime mwenyewe. Lakini hata kikipunguzwa nusu, hakimwonyeshi Waziri Mkuu kama mtu asiyejua anachofanya.

Kuna kifungu kingine kinachorukwa na wengi. D'Arcy alipewa pia haki ya pekee ya kulaza mabomba ya mafuta hadi pwani ya kusini. Warusi walikuwa wakitamani bomba la kupitisha mafuta ya taa ya Baku hadi Ghuba, wapate kuuza India na Mashariki. Kwa kifungu hicho mlango ule ulifungwa kabla tone moja halijapatikana. Hapo ndipo unapoona kwamba mkataba wa mtu binafsi ulikuwa unafanya kazi ya mkataba wa kimataifa, tena bila Uingereza kuweka jina lake popote.

Jambo la mwisho. Mafuta yalikuwa katika nchi ya Wabakhtiari, ambako amri ya Tehran ilifika kwa shida. Mwaka 1905, kwa usaidizi wa Preece, konseli wa Uingereza, makhani wa Bakhtiari walikubaliana na watu wa D'Arcy kupewa asilimia 3 ya hisa na malipo ya kila mwaka ya ulinzi. Serikali ya Tehran ilikataa kuyatambua makubaliano hayo, na ilikuwa na haki. Mwaka 1909 Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza katika Ghuba, akapatana na Sheikh Khazal wa Mohammerah juu ya ardhi ya kisiwa cha Abadan, palipojengwa kiwanda cha kusafishia mafuta, kwa kodi ya pauni 650 kwa mwaka, pamoja na mkopo na ahadi za kumlinda. Sheikh Khazal alikuwa raia wa Shah. Ukiniuliza Uajemi ilipoteza wapi, nitakuonyesha hapa kabla ya kukuonyesha ile pauni 20,000: mgeni alipojifunza kwamba anaweza kupatana na kila mwenye bunduki peke yake, Tehran haikuwa tena na neno la mwisho juu ya ardhi yake yenyewe.

Binti Nahodha alijibu:

Namshukuru Mzee Karani kwa maelezo hayo. Mimi nitavuka maji kwenda upande wa Waarabu, kwa sababu huko swali la pili la Ndugu Mdadisi, lile la nafasi ya serikali, lina jibu lililo wazi zaidi.

Watu wengi huanza hadithi ya Kuwait mwaka 1934. Ianzeni tarehe 23 Januari 1899, siku ambayo Mubarak aliahidi, yeye na warithi wake, kutompa, kutomuuzia wala kutompangisha ardhi yake mgeni yeyote bila idhini ya Uingereza, akalipwa rupia 15,000. Mafuta hayakuwa katika fikra za mtu wakati ule. Hofu ilikuwa Waturuki, Warusi na reli ya Wajerumani. Lakini kufuli lililotengenezwa kwa ajili ya reli lilikuja kufunga mafuta pia. Tarehe 27 Oktoba 1913, Uingereza ikiwa inahamisha manowari zake kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta, Mubarak alimwandikia Percy Cox barua ya kukubali kwamba, endapo mafuta yataonekana, hatampa haki hiyo mtu yeyote isipokuwa yule atakayeteuliwa na serikali ya Uingereza. Mwaka 1914 Sheikh Isa wa Bahrain akatoa ahadi ya namna hiyo. Qatar ikafuata katika mkataba wa 1916, masheikh wa Pwani ya Makubaliano (Falme za Kiarabu za leo) mwaka 1922, na Masqat mwaka 1923.

Naomba tutue hapo kidogo. Katika barua zote hizo hakuna bei. Hakuna asilimia, hakuna mrabaha (malipo kwa kila tani inayochimbwa), hakuna eneo lililopimwa. Mtu anayetafuta udanganyifu ndani ya mkataba wa 1934 anafika akiwa amechelewa miaka ishirini na mmoja, kwa sababu kilichoshusha bei ni ahadi ya kutokuwa na mnunuzi wa pili, na ahadi hiyo ilitolewa kwa ajili ya ulinzi na si kwa ajili ya fedha. Mubarak alikuwa akimwogopa Mturuki. Alinunua alichokihitaji. Mjukuu wake, Ahmad al-Jaber, ndiye aliyeletewa hesabu.

Na Ahmad hakuwa mjinga hata kidogo. Alikwishauona mkutano wa Uqair wa mwishoni mwa 1922, ambako Cox, kwa kalamu yake mwenyewe, aliigawa mipaka na kumpa Ibn Saud sehemu kubwa ya nchi iliyohesabiwa kuwa ya Kuwait. Kwa hiyo alijua thamani ya ulinzi aliouziwa babu yake. Alipopata washindani wawili, kampuni ya Gulf ya Marekani iliyoletwa na Frank Holmes, yule mtu wa New Zealand aliyeitwa Abu Naft, yaani Baba wa Mafuta, na kampuni ya Anglo-Persian ya Waingereza, aliwaacha wavutane kwa miaka. Uingereza iling'ang'ania sharti kwamba kampuni iwe ya Kiingereza. Wamarekani wakalisukuma sharti hilo hadi likaondolewa mwaka 1932, na haikudhuru kwamba mwaka huohuo balozi wa Marekani mjini London alikuwa Andrew Mellon, ambaye ukoo wake ndio ulioimiliki Gulf.

Kisha ikatokea jambo ambalo hakuna ustadi wa sheikh ungeweza kulizuia. Desemba 1933 wale mahasimu wawili walipatana wenyewe kwa wenyewe, nusu kwa nusu, na Februari 1934 ikazaliwa Kampuni ya Mafuta ya Kuwait. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ikatia saini makubaliano ya kisiasa na serikali ya Uingereza, Sheikh akiwa si mmoja wa wahusika, yakiiwekea kampuni masharti ya jinsi ya kushughulika naye kupitia mwakilishi wa Uingereza. Alipotia saini tarehe 23 Desemba 1934, kwa miaka 75 na rupia 475,000 za kuanzia, alikuwa na mnunuzi mmoja tu mbele yake. Hata hivyo alimteua Holmes kuwa mwakilishi wake katika kampuni hiyo mjini London, maana alitaka mtu aliyemfahamu akae upande ule wa meza.

Qatar ni mfano ninaoupenda zaidi, ingawa hautajwi sana. Sheikh Abdullah bin Jassim alipokea rupia 400,000 mwezi Mei 1935. Ukizisoma barua za wakati ule kwa kutazama fedha tu, utasema alitoa kwa bei rahisi. Lakini yeye alikuwa akidai vitu vingine: Uingereza imlinde dhidi ya mashambulizi kutoka nchi kavu, jambo ambalo mkataba wa 1916 haukumhakikishia kama alivyotaka, na imtambue mwanawe Hamad kuwa mrithi. Akavipata vyote viwili. Uingereza nayo ilitaka mafuta ya Qatar yawe mikononi mwa Anglo-Persian, yasiende kwa Wamarekani waliokuwa wameshaingia Saudi Arabia, na ulinzi ndio uliokuwa fedha yake. Kwa hiyo, Ndugu Mdadisi, serikali haikuwa ikitazama tu. Katika Ghuba serikali ndiyo iliyokuwa muuzaji wa kitu kilichohitajiwa zaidi na masheikh, na kampuni ililipia kilichobaki.

Mdadisi wa Nyaraka alijibu:

Ahsanteni sana, Mzee Karani na Dada Binti Nahodha. Nimeanza kuona kwamba swali langu la "walidanganywa au hawakudanganywa" ni dogo kuliko mambo yenyewe. Lakini bado nina shaka moja. Hata kama mnunuzi ni mmoja, muuzaji mwenye akili anaweza kudai sehemu ya biashara yenyewe badala ya malipo ya mkupuo. Je, kuna aliyedai hisa? Na kama asilimia 16 ya D'Arcy ilikuwa sehemu ya faida, kwa nini Wairani waliichukia kiasi kile baadaye?

Mpiga Hesabu alijibu:

Swali la hisa ndilo hasa ambalo ningependa lijadiliwe zaidi, kwa kuwa wengi huhesabu sarafu za kuanzia na kuacha kuuliza nani alikuwa akivishika vitabu vya hesabu.

Asilimia 16 inaonekana nzuri, tena bora kuliko mikataba mingi iliyofuata. Tatizo ni neno "faida halisi". Faida ya nani? Mkataba wa 1901 ulisema faida za kampuni au makampuni yatakayoundwa. Anglo-Persian ilipoundwa mwaka 1909 ikazaa kampuni za meli, za kusafisha mafuta na za kuuza nje ya Uajemi, na ikadai kwamba faida za kampuni hizo hazimhusu Shah. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua asilimia 51 ya hisa kwa pauni milioni 2.2, Churchill, waziri wa jeshi la majini, akilitetea jambo hilo bungeni, na jeshi lake la majini likapata mafuta kwa mkataba wa muda mrefu wa bei nafuu. Hapo mbia mkubwa akawa pia mteja mkubwa. Kila senti aliyopunguziwa mteja ilipungua katika faida, na asilimia 16 ya kilichopungua ni hasara ya Tehran. Mwaka 1915 bomba lilipokatwa na watu wa makabila wakati wa vita, kampuni ikazuia malipo na kuidai fidia serikali ambayo haikuwa hata upande mmoja wa vita vile.

Desemba 1920 suala la hesabu lilipatanishwa na Sydney Armitage-Smith, aliyekuwa ameajiriwa kuwa mshauri wa fedha wa Uajemi, naye alikuwa mtumishi wa Hazina ya Uingereza. Narudia ili lieleweke: serikali yenye asilimia 51 ya hisa katika kampuni ilimtoa pia mtu wa kuisemea nchi iliyoidai kampuni hiyo. Bunge la Uajemi halikuyaidhinisha makubaliano yale, nasi tunaelewa kwa nini.

Je, walidai hisa? Ndiyo, tena kwa sauti kubwa. Teymourtash, waziri wa kasri la Reza Shah, mfalme aliyeuondoa ukoo wa Qajar, katika mazungumzo yake na Sir John Cadman, mwenyekiti wa Anglo-Persian, mwishoni mwa miaka ya 1920, alitaka Uajemi ipewe asilimia 25 ya hisa za kampuni nzima. Hakupewa. Mdororo wa dunia ulipofika, malipo ya Uajemi yakaanguka kutoka takriban pauni 1,288,000 za mwaka 1930 hadi takriban pauni 307,000 za mwaka 1931, na Novemba 1932 Reza Shah akaufuta mkataba wa D'Arcy. Uingereza ikalipeleka jambo hilo katika Shirikisho la Mataifa, na kabla ya kuamuliwa, Aprili 1933, Cadman na Shah wakapatana: eneo likapunguzwa hadi maili za mraba 100,000, mrabaha ukawa shilingi nne kwa tani, pakawekwa kiwango cha chini cha pauni 750,000 kwa mwaka, lakini muda ukasogezwa hadi 1993. Teymourtash hakuwepo, alikuwa ameachishwa kazi, akafia gerezani mwaka huohuo. Taqizadeh, waziri wa fedha aliyetia saini, alikuja kuliambia bunge mwaka 1949 kwamba hakuwa na hiari katika jambo lile. Mimi nauona muda ule ulioongezwa kuwa kosa kubwa kuliko yote ya 1901, na halikufanywa na mfalme dhaifu wa Qajar, lilifanywa na yule aliyejulikana kwa ukali.

Iraq nayo ilikuwa na karatasi mkononi. Huko San Remo, Aprili 1920, Uingereza na Ufaransa zilipogawana mafuta ya Mesopotamia, yaani Iraq, Wafaransa wakichukua asilimia 25 iliyokuwa ya Benki ya Ujerumani, iliandikwa kwamba Wairaki wataruhusiwa, wakitaka, kuwa na hadi asilimia 20 katika kampuni. Wakataka. Mazungumzo yakachukua zaidi ya mwaka, kampuni ikakataa katakata, na tarehe 14 Machi 1925 baraza la mawaziri likakubali mkataba wa miaka 75 bila hisa hizo. Mawaziri wawili walijiuzulu. Kilichowabana wengine ni Mosul: tume ya Shirikisho la Mataifa ilikuwa imetoka kuzunguka mkoani humo kuamua kama uwe wa Uturuki au wa Iraq, na bila Uingereza kuisemea, Iraq ilijiona itaupoteza mkoa wenyewe pamoja na mafuta yake. Waziri wa fedha Sassoon Eskell, kwa upande wake, alishikilia mrabaha uhesabiwe kwa dhahabu, shilingi nne kwa tani, na Uingereza ilipoacha kiwango cha dhahabu mwaka 1931 watu wakaelewa alikuwa ameona nini. Mnyimeni mtu huyo kila sifa, lakini msimwite mjinga.

Sababu ya kukataliwa hisa ni rahisi. Mwenye hisa ana haki ya kuviona vitabu na kuuliza mafuta yameuzwa kwa nani na kwa bei gani. Mwenye mrabaha wa tani anahesabu mapipa bandarini na kurudi nyumbani. Kampuni zilikuwa tayari kuongeza shilingi juu ya tani, na hazikuwa tayari kabisa kutoa kiti katika chumba cha wakurugenzi.

Sauti ya Pili alijibu:

Naheshimu uchambuzi wa ndugu waliotangulia, ila nahisi tunaelekea kuwasafisha watawala kupita kiasi. Kujua si sawa na kuwajibika. Shah wa Qajar alijua, na fedha zile za mafuta na za mikopo zilichanganyika na safari zake za Ulaya. Masheikh walizihesabu rupia za mafuta kuwa mali yao binafsi kwa muda mrefu, na ndiyo sababu wafanyabiashara wa Kuwait walidai baraza la kutunga sheria mwaka 1938, mwaka uleule mafuta ya Burgan yalipopatikana, baraza likavunjwa baada ya miezi michache. Tusisahau pia hali ya Ghuba baada ya 1929: lulu ya kufugwa ya Japani na mdororo wa dunia viliiua biashara ya lulu, mahujaji wa Makka walipungua, na hazina zilikuwa tupu. Mtu mwenye njaa anaweza kuijua vizuri bei ya shamba lake na bado akaliuza kwa chakula cha jioni. Kwa hiyo mnaposema mnunuzi wa pili hakuwepo, ongezeni kwamba muda wa kumsubiri haukuwepo pia, na kwamba raia, ambao ardhi ilikuwa yao, hawakuulizwa na upande wowote.

Binti Nahodha alijibu:

Hoja ya raia kutoulizwa naikubali moja kwa moja. Hoja ya njaa naikubali kwa sehemu, na nitatumia Saudi Arabia kueleza, kwa kuwa swali la tatu la Ndugu Mdadisi bado halijajibiwa.

Mwaka 1933 hakuna hazina iliyokuwa na hali mbaya kuliko ya Ibn Saud, ambayo tegemeo lake lilikuwa mahujaji. Kama njaa pekee ndiyo ingeamua bei, yeye ndiye angeuza kwa rahisi kuliko wote. Lakini hakuwa ametoa ahadi kama ile ya Mubarak. Mkataba wake wa 1915 na Uingereza ulikuwa na kifungu cha kumzuia kutoa haki kwa wageni, ila nafasi yake ikachukuliwa na mkataba wa Jeddah wa 1927, ambao ulimtambua kuwa mfalme huru bila kifungu hicho. Tayari kule Uqair mwaka 1922 Cox alikuwa amembana aandike barua ya kumwahirisha Holmes. Akaandika, na mwaka uliofuata akampa Holmes mkataba wa al-Hasa, pwani ya mashariki ya Arabia, kwa pauni 2,000 za dhahabu kwa mwaka. Mkataba huo ulikufa kwa sababu Holmes hakupata wenye mitaji wa kumfuata, na malipo yakakoma.

Basi Socal, kampuni ya mafuta ya California, ambayo ilipata mafuta Bahrain mwaka 1932 na kuiona pwani ya al-Hasa ng'ambo ya maji, ilipofika Jeddah na mwanasheria Lloyd Hamilton, ilimkuta waziri wa fedha Abdullah Suleiman akiwa na washindani wawili mezani. Alianza kwa kudai pauni 100,000 za dhahabu. Kampuni ya Mafuta ya Iraq, ileile ya mkataba wa 1925, ilimtuma Stephen Longrigg, lakini wakuu wake wa London hawakuyataka mafuta yenyewe. Walikuwa nayo mengi kuliko waliyoweza kuuza, walitaka tu mwingine asiyapate, na mtu wa aina hiyo huwa halipi sana. Walizungumzia kiasi kisichozidi sana pauni 10,000, tena kwa rupia, ilhali mfalme alitaka dhahabu. Philby, Mwingereza aliyesilimu na aliyekuwa na sikio la mfalme, alikuwa akilipwa na Socal, jambo ambalo Longrigg hakulijua. Mkataba ukatiwa saini tarehe 29 Mei 1933: miaka 60, pauni 35,000 za dhahabu za mwanzo, zikiwa mkopo wa 30,000 na kodi ya mwaka wa kwanza ya 5,000, mkopo mwingine wa 20,000 baada ya miezi 18, na shilingi nne za dhahabu kwa tani. Marekani ilikuwa imezuia kutoa dhahabu nje ya nchi mwezi Aprili, kwa hiyo Socal ikazinunua sarafu zile London, zikapelekwa kwa meli, zikahesabiwa mezani kwa mkono, moja moja, katika benki ya Waholanzi mjini Jeddah, na Abdullah Suleiman akatoa stakabadhi.

Serikali ya Marekani haikushiriki. Haikuwa hata na ubalozi nchini humo. Huo ndio ushahidi wangu kwa Sauti ya Pili. Njaa ya Ibn Saud ilikuwa sawa na ya jirani zake au zaidi, naye alipata dhahabu mara kadhaa ya alichokuwa tayari kutoa mshindani, kwa kuwa mshindani alikuwepo na hakuna barua ya zamani iliyomzuia kumsikiliza.

Mwaka 1936 kampuni ileile ya Iraq, ikiwa imejifunza, ilirudi kwa mfalme na kuchukua haki ya kuchimba Hijazi, ukanda wa Bahari ya Shamu, kwa masharti mazuri kuliko waliyopewa Wamarekani. Ikalipa, ikatafuta, na haikupata mafuta.